Karabai ya Mwalimu Mkuu

Mwalimu mkuu mstaafu wa shule yetu ya kule Daa ametutoka. Nimemlilia, sikatai, ingawa usingizi wangu wa miaka ya themanini alinidhulumu yeye, nilipokuwa nafundisha chini yake. "Usingizi ni mnyonyaji!" aliwaambia darasa la saba waliopiga kambi shuleni kujiandaa na mtihani, huku akiipampu karabai yake mpaka inanguruma. Taa ikawaka, watoto wakakesha, na asubuhi hawakumbuki hata walichokariri jana yake. Dawa yake ilikuwa moja tu, kuwaongezea kukesha. Mtihani ulipofika wengine waliulalia, na miaka ikapita bila mtoto wetu hata mmoja kuchaguliwa kwenda sekondari.

Ikafika zamu ya binti yake mwenyewe. Mkewe alimsihi mbele yetu, "Baba, mwache mtoto alale. Nafasi yenyewe ni hii tu." Akajibu, "Atalala akishafaulu, mama." Kilichomwokoa binti ni uhaba. Mafuta ya taa yaliadimika. Hata malori ya vitunguu ya Mang'ola, yaliyozoea kutuletea debe kimyakimya, yakaja bila kitu. Karabai ikakauka. Giza likiingia, kambi nzima inakoroma, na mwalimu mkuu anazunguka uwanjani kama mfiwa. Mwaka huo wakachaguliwa watoto wengi kuliko wakati wowote, binti yake akiwamo. Kwenye sherehe mgeni rasmi akaisifu karabai. Ikavishwa shada la maua, haina hata tone la mafuta, na sote tukapiga makofi.

Siku hizi wataalamu wanatuambia kwamba giza likiingia ubongo hutoa homoni ya usingizi, na huenda homoni hiyo husaidia pia tuliyojifunza yakae kichwani. Mimi si mtaalamu. Ninachojua ni kwamba sisi humheshimu mtu kwa macho yaliyoiva kwa kukesha, hata kama alichokesha nacho hakionekani. Aliyelala vizuri akafanya kazi yake vizuri tunamwita mvivu mwenye bahati.

Mazikoni, wanafunzi wake wa zamani walileta karabai ileile, wakaiwasha mchana kweupe kando ya jeneza, na hotuba zikaanza kuhusu mwalimu asiyelala. Binti yake, ambaye sasa ni mwalimu, alinyanyuka, akaifungulia upepo, ikazima.

"Amechoka," akasema. "Mwacheni baba alale. Na nyie mkirudi nyumbani, walazeni watoto."