Zamu ya Jagru

Phekan Mandal alikuwa mfinyanzi, na katika kijiji chetu cha ukingoni mwa mto Kosi hakuna aliyemshinda kwa kuchoma chungu kikaiva. Kazi ikiisha, alikuwa akikaa na rafiki yake Jagru kwenye baraza ya ghala la mpunga wakacheza pretwa, mchezo wa kete. Walichora kwa mkaa duara tatu, moja ndani ya nyingine, wakazikata kwa mistari mitatu. Phekan alipanga vigae tisa upande wake, Jagru kokwa tisa za ukwaju upande wa pili, katikati pakabaki wazi. Ukiiruka kete ya mwenzio, umeila. Miaka ishirini walicheza hivyo.

Siku tuta la kuzuia mto lilipobomoka upande mmoja, watu walikuwa wameanza kupanda kwenye sehemu iliyobaki na mbuzi wao tangu adhuhuri. Jagru akainuka, akasema anakwenda kumtazama mkewe. Alikuwa amebakiwa na kete tatu, Phekan tano.

“Unakimbia maji au unanikimbia mimi?” Phekan alimuuliza. “Kaa, tumalize.”

Jagru akacheka, akakaa. Alipoinuka tena mchezo ulikuwa bado, lakini njia ya chini ilikwisha funikwa. Mkewe, Sonmati, alishafika salama juu ya tuta. Jagru hakujua. Aliingia majini kwenda kumtafuta katika nyumba tupu. Tulimpata siku ya nne, kwenye shamba la juti.

Phekan hakumweleza mtu neno alilomwambia Jagru. Vyungu vyake vikaanza kupasuka tanuruni. Mkewe alilalamika kwamba mumewe anakaa na sahani ya wali mbele yake mpaka nzi waimalize. Maji yalipokauka, Phekan alikwenda ghalani, akazichora duara upya, akazipanga kete kama zilivyokuwa Jagru alipoondoka. Zamu ilikuwa ya Jagru. Akaziacha.

Asubuhi ya tatu, kokwa moja ilikuwa imesogea.

Angesema ni mbuzi, lakini ilisogea kwa akili, ikajiepusha na kigae kilichokuwa kikiivizia. Naye akacheza. Kesho yake akajibiwa. Ikawa hivyo kila siku, na habari ikaenea. Wanawake wakaacha kupita pale na ndoo, wakazungukia nyuma. Wazee walipotaka kuleta mganga, Phekan aliwakatalia.

“Mwacheni,” alisema. “Ana haki ya kumaliza.”

Alianza kumwekea rafiki yake tumbaku kando ya duara. Tumbaku haikuguswa, na hilo lilimtia hofu kuliko kete. Jagru hakuwahi kukataa tumbaku maishani mwake. Basi amekasirika, Phekan aliwaza, na akakonda.

Siku moja alikwenda kabla ukungu haujaondoka. Palikuwa na mtu wa mavazi meupe amechutama juu ya duara. Phekan alisimama akishika nguzo. Kisha akaiona bangili ya mguu aliyoizoea, akaitambua sari nyeupe ya ujane.

“Shemeji. Ni wewe?”

“Ulidhani nani?” Sonmati hakugeuka. “Yeye ndiye aliyenifundisha. Nyumbani nilikuwa nikimshinda.”

Phekan akakaa chini akamweleza yote, na jinsi alivyomzuia Jagru kwa kumtania. Sonmati alimsikiliza akiizungusha kokwa vidoleni. Mwenyewe alinisimulia baadaye kwamba alitamani kumpiga, ila mkono haukuinuka.

“Asubuhi ile niligombana naye,” alisema mwishowe. “Nikamwambia asirudi mpaka nimwite. Maji yakaja, nikapanda tutani. Sikumwita.”

Hakuna aliyempoza mwenzake. Walicheza mpaka jua likatoka, na Sonmati akavila vigae vya Phekan, kimoja kimoja, hadi cha mwisho. Baraza ile haikuchorwa tena.

Phekan alirudia udongo wake, na vyungu vikaacha kupasuka. Usingizi ndio haukurudi. Kila mwaka mvua zikianza, hupita mlango kwa mlango akiwahimiza watu wapande. Vijana humtania, “Babu, hata wingu hatujaliona.” Phekan husimama mlangoni, mvua au jua, mpaka wa mwisho atoke.

Mwaka jana Sonmati alimfuata nyuma. Phekan aliwaita wanaume, yeye akawaita wanawake, kila mmoja kwa jina lake, na hawakuondoka mpaka kila aliyeitwa ameitika.