Paka Aliyefukizwa Udi

Ulikuwa ule mwaka tuliokula shelisheli: la kuchemsha, la kukaanga, la nazi, mpaka wajukuu zangu wakiuona mshelisheli wanageuza njia. Samaki alikuwa mgeni wa heshima. Basi nikamwekea paka wangu kichwa cha samaki changu. Akakitazama, akageuza uso. Nikajua huyu anakufa.

Pua zimeziba, zinatoka usaha wa manjano, anakoroma kama mzee aliyeshiba pilau. Mwanangu wa kike, ninayekaa naye hapa Mji Mkongwe, akasema, "Mama, mpeleke sokoni akakae na paka wenziwe. Ananipigia chafya kwenye unga!"

"Paka wangu haendi sokoni."

Ugonjwa nshaujua: kijicho. Jirani wa mlango wa pili alimsifu, "Kanenepa huyu!" na mashaallah hakusema. Nikatia makaa kwenye chetezo, udi juu yake, nikamfunika paka kanga, nikamfukiza kama bibi harusi. Alichomoka na kanga kichwani, chafya mpaka akajigonga mlangoni. Jioni nikarudia. Kulipokucha, hata maji hataki.

Nikamtia kwenye pakacha, mimi na yeye mpaka kwa daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo. Akamnusa manyoya.

"Bi mkubwa, mbona paka ananukia harusi?"

"Nimemfukiza. Kijicho."

Hakucheka, hapo nampa sifa yake. Akanambia mafua yamepanda, yameoza ndani ya mifupa ya uso. Paka hula kwa pua. Asichokinusa kwake si chakula. Na moshi ndio unazidi kumchoma. Akamdunga sindano, akanipa dawa, nimpe mpaka iishe hata akionekana mzima. Pua nimfute kwa maji vuguvugu, nikae naye bafuni kwenye mvuke wa maji moto, chakula nikipashe kinukie.

"Na udi, bi mkubwa, basi."

Nyumba yangu bila udi! Wageni walidhani nimefiwa. Nikajifungia bafuni na paka, ndoo ya maji moto pembeni, dagaa wa kupasha mkononi, jasho linanitiririka. Jirani yule yule akaita dirishani, "Mwaoga au mwapika?"

"Twatibu! Na useme mashaallah!"

Dawa ilikuwa inakaribia kwisha mwanangu alipokaanga nguru, wa kwanza tangu tuanze shelisheli. Kageuka kuchukua ndimu tu, paka huyo kapita na kipande kikubwa kuliko kichwa chake. Pua zimefunguka!

"Mama! Leo huyu anakwenda sokoni!"

Nikafuta machozi, nikajaa mlangoni asipite mtu.

"Paka wangu haendi sokoni."