Kanda ya Dunguni

Juzi mjukuu wangu wa kike, anayesoma sekondari hapa Ifakara, alinikuta napepeta mchele. Akaweka simu juu ya kinu. "Bibi, ule wimbo unaouimbaga ukipika, nimekupatia."

Niliujua kwa gitaa tu, mwimbaji hajafungua mdomo.

Wimbo huo niliurekodi mwenyewe nikiwa msichana, juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti cha kulindia mpunga, katika shamba letu la Michenga. Mpunga ukianza kuiva, mimi na mdogo wangu tulihamia huko kufukuza ndege. Kazi yetu ilikuwa kupiga kelele kutwa. Redio ilikuwa ya baba. Betri zikichoka tulizianika juani pamoja na dagaa. Kinasa sauti cha kaseti nilikiazima kwa mjomba, nikakielekeza kwenye redio, nikasubiri kipindi cha salamu.

Siku wimbo ulipopigwa nilimwambia mdogo wangu, "Leo ukikohoa tu, nakushusha dunguni." Akajiziba mdomo kwa mkono. Kundi la ndege likatua. Akavumilia, akavumilia, kisha akaachia, "Hoyaa! Tokeni, mpunga wa mama yenu huo?" Halafu kicheko. Vyote vikaingia kwenye kanda, katikati ya wimbo.

Nilimnunia siku mbili.

"Kwa hiyo ndege wale mpunga, sisi tule wimbo?" akaniuliza.

Wimbo ulipopigwa tena wiki iliyofuata, nilimtuma maji mtoni, nikarekodi juu ya ule wa kwanza. Ukatoka safi. Nikajiona mjanja.

Msimu uliofuata hakuufikia. Homa ilimchukua kwa siku nne. Picha yake hatukuwa nayo hata moja, na sauti yake niliifuta kwa kidole changu mwenyewe. Kanda ilikatika zamani. Sikuisikitikia, hakuwemo.

Kwenye simu wimbo ulikuwa safi kuliko wangu. Pale katikati, magitaa yanapobaki peke yake, nilisimamisha ungo nikasikiliza, mtu mzima mimi, kana kwamba simu ingemjua mdogo wangu. Magitaa yakapita, mwimbaji akarudi.

"Bibi, nirudie?"

"Rudia."

Mara ya tatu mjukuu wangu akaanza kuufuatisha kwa kuimba, kisha akaniangalia usoni, akajiziba mdomo kwa mkono.

"Toa mkono," nikamwambia. "Imba. Huharibu kitu."