Kipoyi cha Ijumaa

Wakati wa Wabelgiji, hapa Kasongo, kipoyi kilikuwa kiti cha wazungu, kinabebwa mabegani. Ijumaa moja niliona polisi akikipigia saluti kabla ya kutazama aliyekikalia. Juu yake alikuwa jirani yetu, aliyeanguka toka juu ya mchikichi akavunjika uti wa mgongo, miguu ilikufa. Wanaume wa mtaa walikuwa wakimpeleka msikitini.

“Shuka,” polisi akasema. “Kipoyi iko ya Bwana Mkubwa.”

“Baba, kama ningeweza kushuka, singepanda.”

 Polisi akamgusa mbebaji aliyechoka, akashika nafasi yake mpaka mlangoni.

Siku zile, kipoyi cha mzungu kikitajwa, vijana walikimbilia porini wasikamatwe kubeba. Cha jirani yetu waligombania zamu.