Kina Alichokipunguza Shemeji

Dukani kwa mitungi ya hewa, karibu na lango la bandari, kila mtu alimwita Shemeji. Alikuwa mke wa mwenzao, basi, hapakuwa na haja ya kutafuta jina jingine. Hata mwenye duka, mzee mfupi mwenye sauti nene ambaye wafanyakazi walimpachika jina la Mitungi, alimwita hivyo hivyo ingawa ndiye aliyemwajiri.

Kazi yake ilikuwa kuwapangia wageni wa meli safari za kwenda chini ya maji. Meli kubwa ya watalii iliingia asubuhi, ikawatema watu, na kabla jua halijapoa ikawameza tena na kwenda zake. Katikati hapo palikuwa na saa chache, na ndani ya saa hizo palikuwa na watu ambao hawajawahi kuzamisha hata uso kwenye beseni, lakini wameona picha za samaki na sasa wanataka kwenda kuwaona nyumbani kwao. Shemeji aliwapokea akiwa na mtoto mgongoni. Saa ya ukutani aliiweka ifuate saa za meli, maana meli haijali jua la kwenu limefika wapi. Ukichelewa, inakuacha gatini na kaptula yako.

Aliwauliza yale ya lazima: pumu, moyo, mafua, mimba, upasuaji wa karibuni. Ila majibu aliyoyaamini zaidi yalikuwa ya mikono. Mtu anakwambia haogopi huku vidole vinasokota ncha ya taulo. Huyo alimweka jirani na mtulivu. Mke na mume hakuwaweka bega kwa bega hata wakimbembeleza, kwa sababu kila mmoja angemchunga mwenzake hadi asahau kupumua. Akapima miguu kwa macho, akachagua viatu vya mapezi, akagawa mikanda ya risasi ya kuwazamisha, mwembamba yake nyepesi, mnene yake nzito, akihesabu na unene wa vazi la mpira.

Aliyewashusha alikuwa mume wake. Jina lake pale lilikuwa Mwalimu, ingawa shule yeye aliachana nayo mapema na kwa amani. Wenzake walimtania kwamba amepata darasa ambalo walimu wote wanaliota, wanafunzi wamezibwa midomo. Lakini alikuwa mwalimu kweli. Aliwapigisha magoti kwenye maji ya kiunoni, akawafundisha kuvuta hewa polepole, kutoa maji yaliyoingia kwenye miwani, kubana pua na kusukuma hewa mpaka masikio yafunguke. Akawafundisha na ishara. Katika kila meli hakukosekani mgeni wa kuinua dole gumba kwa furaha, na dole gumba huko chini maana yake ni nipandishe juu. Basi Mwalimu alimpandisha, wakachungulia jua, wakacheka, wakashuka tena. Hakuwahi kumkasirikia hata mmoja.

Shemeji ndiye aliyeanza kuona. Alimuuliza mumewe kama anataka chai, akajibiwa kwamba mvua haitanyesha. Mtoto alipolia upande wa kushoto, Mwalimu aligeuka kutazama kulia. Kisha asubuhi moja, akitandika kitanda, akakuta doa la manjano kwenye foronya, na harufu yake haikuwa ya jasho.

"Maji yameingia sikioni tu," Mwalimu alisema. "Yatatoka."

Shemeji akamwomba waende hospitali. Mwalimu akasema hospitali ataenda mtu anayeumwa. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba daktari akishaandika usizame, imeandikwa, na yeye nje ya maji ni nani? Atabeba mizigo? Atalinda geti? Shemeji alimtazama akimrusha mtoto juu na kumdaka, na mtoto akicheka, akaona kwamba kumlazimisha mtu huyu ni sawa na kumng'oa.

Shemeji hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa mtu wa kupanga.

Zamani wageni wote walipelekwa Mwamba wa Nje, mbali kidogo kwa boti, ambako maji ni safi kama kioo na kamba imefungwa kutoka juu hadi chini ili mgeni ashuke akiishikilia. Shemeji alianza kumwambia Mitungi kwamba wageni wa meli ni wageni hata wa maji yenyewe, pale kina ni kikubwa mno kwao. Akawahamishia kwenye bustani ya matumbawe, palipo na kina kidogo. Baadaye akasema safari ya boti inakula muda wa meli. Akawaleta kwenye ghuba ndogo jirani na bandari, yenye mchanga mweupe na kina cha kumfunika mtu mrefu na zaidi kidogo. Kila alilolisema lilikuwa kweli. Hakuna aliloongeza. Alilolipunguza lilikuwa moja tu, nalo alilala nalo kila siku ubavuni.

Na mambo yakaenda. Wageni walifurahi. Mwalimu alirudi nyumbani bila kushika kichwa, akajisifu kidogo, akasema mzee Mitungi ana akili, ameona kwamba wanaoanza hawamfai mwingine. Shemeji alikuna nazi kichwa kikiwa chini, akakubali kwamba mzee ana akili.

Ile ghuba ilikuwa na ila moja ambayo kila mtu wa pale aliijua. Upande wake wa nje mchanga unakwisha ghafla, na chini yake ni mkondo wa kupitia meli. Meli zikifungwa gati la mbali, ghuba inatulia. Zikifungwa gati la karibu, zile boti zenye nguvu za kuisukuma meli hupita hapo hapo, na tope lote la mkondo huamka. Siku ya gati la karibu, hakuna anayezamisha mgeni ghubani, wala kwenye bustani ya matumbawe ambako tope hufika pia; wote huenda Mwamba wa Nje. Ndivyo walivyofanya kazi tangu duka lifunguliwe.

Asubuhi moja bandarini walituma ujumbe kwamba meli imehamishiwa gati la karibu. Simu ilikuwa mkononi mwa Shemeji. Mitungi alikuwa nyuma akijaza hewa, hakusikia lolote kwa kelele za mashine. Kilichotakiwa kilikuwa neno moja: Mwamba wa Nje. Shemeji alilifikiria lile neno na akaona foronya. Halafu akajiambia kwamba meli imeshafungwa, boti za kusukuma zimeshaondoka, tope litakuwa limelala. Akaitia simu kwenye kanga na kuwaambia wageni wavae.

Alisimama kwenye kigati cha mbao akiwatazama. Mazoezi yalikwenda vizuri. Mwanamama mmoja mnene, mchangamfu, alicheka mpaka kipumulio kikamtoka mdomoni, na Mwalimu akakirudisha kwa upole kama anayemlisha mtoto. Wakashuka. Mapovu yakaandamana juu ya maji, na Shemeji akaanza kupumua.

Ndipo boti ya kusukuma ikarudi. Ilikuwa imesahau kamba, au imeitwa kunyoosha mkia wa meli, hakujua. Alichokiona ni maji yakibadilika kutoka ukingoni, yakija taratibu, rangi ya chai ya maziwa, hadi yakafunika mapovu yote.

Kijana aliyeshuka na Mwalimu kumsaidia akawaibua wageni mmoja mmoja, wakikohoa. Shemeji akawahesabu kwa macho. Yule mnene hakuwemo. Mwalimu naye hakuwemo. Akamtoa mtoto mgongoni akamkumbatia kifuani, bila kujua kwa nini.

Waliibukia mbali, nje ya ghuba, juu ya mkondo. Mwanamama yule alikuwa ametambaa kwenye tope akidhani anamfuata mwalimu wake, akavuka ukingo wa mchanga, na risasi za mkanda zikamvuta chini. Mwalimu alimfuata moja kwa moja, bila kusimama kubana pua, maana angesimama angempoteza. Alipotolewa kwenye maji, yule mama alikuwa akicheka bado. Hakuwa ameona kitu. Alisema ilikuwa kama kuruka ndani ya wingu, akauliza kama wengine nao walipelekwa huko.

Mwalimu alitoka kwa miguu yake, akapiga hatua chache za mlevi, akaanguka. Alitapika mchangani. Damu ya sikioni ilikuwa imemfika kwenye kola ya vazi la mpira, na alimshika Shemeji mkono huku akimwambia aisimamishe ardhi.

Daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka, na hiyo ingepona. Kilichoharibika ni cha ndani zaidi. Upande huo hatasikia tena, kizunguzungu kitakuja na kuondoka kama kinavyopenda, na kuzama chini ya maji asahau. Alisema pia kwamba sikio hilo limekuwa bovu siku nyingi. Lingetibiwa mapema, lingepona.

Mitungi alikuja nyumbani na mfuko wa machungwa. Alikaa kwenye kiti kimoja kilichokuwepo, akaulizia maumivu, akamchezesha mtoto. Hakuwa na ubaya. Ni mdomo tu uliomponyoka.

"Nami nilidhani mmechoka na safari za boti," alimwambia Shemeji. "Kumbe ulikuwa unampunguzia kina."

Mwalimu aligeuza kichwa taratibu, asiyumbishe chumba. "Nani anapunguziwa kina?"

Mzee akaona alichokifanya. Akayapanga machungwa vizuri kwenye mfuko, akasema mgonjwa apumzike, akaondoka. Alipotoka, chumba kilijaa kelele za mtoto akigonga kijiko sakafuni.

"Nilidhani mzee ananipa wanaoanza kwa sababu hakuna anayewaweza kama mimi," Mwalimu alisema.

"Na kweli hakuna."

"Ulinipanga kama mgeni wa meli."

Shemeji alitaka kusema kuhusu foronya, kuhusu mizigo na geti, kuhusu yote aliyoambiwa kwenye chumba hiki hiki. Lakini mumewe alikuwa bado anamtazama, akitafuta kitu.

"Siku ile ulijua meli imehamishwa gati?"

Angeweza kukataa. Ile simu hakuna mwingine aliyeiona.

"Nilijua."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama anayeelezwa bei ya kitu ambacho hatakinunua. Hakumtukana. Shemeji alikaa akisubiri atukanwe, na kadiri lilivyochelewa tusi ndivyo alivyoelewa kwamba haliji, na kwamba lingemfaa kuliko kimya hiki.

Juma lililofuata alirudi kazini, maana wawili hawawezi wote kukaa ndani. Mitungi alikuwa amepata mwalimu mpya, dada mmoja mzima wa afya, mwepesi wa kucheka. Meli nyingine ilikuwa njiani. Siku ya kupanga safari, Shemeji alikuja nyumbani mchana kumnyonyesha mtoto, akamkuta mumewe amelala chali, macho kwenye dari. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Kwa mazoea ya miaka, au kwa kukosa la kusema, akamuuliza wageni awapeleke wapi.

"Mwamba wa Nje," Mwalimu alisema. "Waelekeze washike kamba. Maji yake safi."

Akavuta shuka mpaka kifuani.

"Huyo dada masikio yake mazima?"

"Mazima."

"Basi."

Shemeji akaanza kumwambia neno. Lilikuwa neno refu, alikuwa amelibeba tangu hospitali, na alianza nalo vibaya, kutoka katikati. Mwalimu alimsikiliza mwanzo wake. Kisha akajigeuza ukutani, akalilaza sikio zima kwenye mto, na kulibakiza juu lile lililokufa. Shemeji aliendelea kusema, mtoto akinyonya, mpaka neno likaisha.