Mtu Aliyeitwa Kaburi

Gazetini mume wangu walimwita Kaburi, kwa sababu siri ukimpa umeizika. Miaka thelathini na moja alifukua maovu ya wakubwa, na hakuwahi kumtaja hata mmoja aliyempa habari. Daftarini hakuandika majina. Yote aliyaweka kichwani, akisema kichwa hakipekuliwi. Mimi mkewe sikuambiwa kitu, na nisiseme uongo, sina kifua. Neno nikilipata asubuhi, hadi mchana mtaa mzima unalo.

Habari iliyompa tuzo ilikuwa ya maji. Wakubwa wa mtambo wa maji waliuza dawa ya kusafishia, mapipa wakayajaza chokaa. Watoto wakafa kwa kuhara, mmoja wao wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kuna mtu aliyempa mume wangu nakala za daftari la stoo, na hizo ndizo zilizowafunga wale mabwana. Kibao cha tuzo kipo hadi leo juu ya kabati la vyombo. Nakipangusa kila Jumamosi.

Mdogo wangu alikuwa karani wa stoo hiyo hiyo. Weee, nilimwakia! Nilimwambia mbele ya watu kwamba aliandika mapipa yale huku akijua, na asikanyage tena kwangu. Hakujitetea. Alisema tu, "Sawa, dada," akachukua kofia yake akaondoka. Kazini wakamfukuza pamoja na wenzake, mtaani wakamwita muuaji, akaishia kushona viatu vya watu. Mume wangu aliendelea kumtembelea, nami nikawa namnunia, eti anakaaje meza moja na mtu wa namna ile. Alikuwa ananitazama, anafungua mdomo, anaufumba. Nilidhani ni aibu.

Baada ya miaka tisa homa ya mapafu ikamuua mdogo wangu. Mazishini nilisimama nyuma, pamoja na majirani.

Sasa mume wangu anaumwa ugonjwa wa kusahau. Leo ananiita nesi, kesho shangazi. Mhariri wake wa zamani alikuja akaniomba nizuie wageni, maana kichwa kile kimejaa majina ya watu walio hai, na akiropoka moja tu mtu anaweza kupotea. Basi nikawa askari wa mlango. Waandishi wawili walipokuja kuuliza habari za tuzo, niliwaambia mzee amelala, na yeye huyo bafuni anaimba kwa sauti ya juu.

Alhamisi iliyopita nilikuwa namkata kucha karibu na dirisha. Akanivuta, akaninong'oneza.

"Shemeji yangu ndiye aliyenipa zile karatasi. Lakini dada yake asijue, kaniapisha. Alisema, dada hana kifua. Akijua atanitetea mtaa mzima, na wale watu wataniua."

Mkasi ulinidondoka. Nililia mbele yake kama mtoto, naye akanipigapiga bega, akaniambia pole nesi. Neno moja tu lingemsafisha mdogo wangu, naye akalimeza miaka tisa. Nilitaka nitoke nikasimame njia panda nipige kelele mpaka sauti ikauke. Lakini wale mabwana walishamaliza kifungo, wamerudi, na mmoja anakaa nyumba tatu kutoka kwa mjane wa mdogo wangu na wanawe. Nikafunga mlango. Wewe nakwambia kwa sababu mtaa wetu huujui.

Siku hizi mdogo wangu akitukanwa mbele yangu, nayaokota masufuria yangu nakwenda zangu ndani. Mume wangu kila asubuhi ananikazia macho, hofu imemjaa.

"Hujamwambia dada yake?"

"Sijamwambia," namjibu.

Basi anatulia, ananinyooshea mkono nimkate kucha, na mara nyingine hakuna hata ya kukata.