Mbavu za Mtumbwi wa Ernestine

Fundi wa mitumbwi wa hapa ufukweni Rugenge hufanya kazi misumari ikiwa mdomoni, na ukimsalimia huitikia kwa kuguna. Kabla ya kung'oa ubavu uliooza huugonga kwa kifundo cha kidole akitega sikio, kisha huuchomoa taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Mtumbwi anaoutengeneza sasa ni wa Ernestine, mjane, aliouachiwa na mumewe. Jana shemeji yake, Ezéchiel, alikuja na shoka, akitaka kuupasua apate kuni za kubanikia samaki.

"Ni ya ndugu yangu! Mwanamuke hana mtumbwi!"

Fundi akatema misumari kiganjani, akapanda mtumbwini, akalala chali kati ya mbavu mpya.

"Weye pasua. Lakini utaanza na miye."

"Fundi, toka, atakukata!" Ernestine akapiga kelele kutoka kando.

Hakutoka. Watu wakajaa. Ezéchiel akainua shoka, kisha akalishusha bila kugusa ubao. Akaondoka akitukana. Fundi hakumtazama, wala hakuinuka.

"Mama," akamwambia Ernestine, mkono umenyooka, "nipe nyundo. Upande huu haujaisha."